Maji Juu ya Chuma cha Moto

Jumatatu, 4 Machi

Leo, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, nimepoteza manifoldi ya ekzosi ya upande wa dereva, mali ya daktari wa meno. Nataja muda kwa sababu saa tatu nilitoka gereji ikiwa nzima, imefukiwa kwenye pipa la jivu, na saa tano nimerudi nimeikuta sakafuni na ufa wa sentimita kumi na tisa. Katika saa hizo hizo mbili mdogo wangu amevunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Anasema aliteleza kwenye mafuta. Mumewe, ambaye ni shemeji yangu na ndiye fundi wangu wa kuchomelea, anasema hivyo hivyo.

Hasara yenyewe ni hii. Gari la daktari ni la zamani kuliko mimi, injini ya silinda nane, nne huku na nne kule. Kila upande una manifoldi yake: kipande cha chuma cha kalibu, cha kuyeyushwa na kumiminwa, chenye vidole vinne, kinachokusanya moshi wa silinda nne na kuutia kwenye bomba moja. Zote mbili zimeliwa na kutu mpaka zinabanduka magamba. Spea hakuna. Kiwanda kilishafungwa, na kila muuza vyuma niliyemuuliza amenicheka. Na chuma cha kalibu hakina msamaha. Ukitaka kukichomelea unakipasha polepole, nyuzi joto mia tatu na zaidi, unachomelea vipande vifupi vifupi, kisha unakifukia kwenye jivu kavu kipoe chenyewe, leo mpaka kesho. Ukikiharakisha kinapasuka. Shemeji alimaliza kuchomelea saa mbili na nusu. Nilikifukia mimi, kwa mikono yangu.

"Bati linavuja," shemeji ameniambia. "Tone limeingia pipani, chuma kikaruka. Mvua hiyo, shemeji. Nenda ukamkamate Mungu."

Nikacheka. Nilicheka huku mdogo wangu amekaa juu ya tairi, mkono unaning'inia kama si wake, anasubiri gari la kumpeleka hospitali.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimepima. Bati linavuja mita mbili na robo kutoka kwenye pipa la jivu. Tone haliruki mita mbili na robo.

Alhamisi, 7 Machi

Daktari wa meno amekuja na mwavuli. Amestaafu, lakini bado anamtazama mtu mdomoni kabla ya kumtazama machoni. Ameingiza ukucha kwenye ufa.

"Jino likipasuka hivi, fundi, mimi nang'oa."

"Hili haling'oki, daktari. La kuweka mahali pake halipo."

"Basi liokoe. Nataka kuliendesha kabla macho hayajanikatalia. Kulitazama tu sina haja, picha ninazo ukutani."

Mdogo wangu alimletea kiti kwa mkono mmoja, ule mwingine una plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Mzee akamtazama.

"Pole, binti. Ulianguka?"

"Ndiyo, mzee. Niliteleza."

"Hebu kiganja. Hicho kizima."

Akampa. Mzee akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha kama mtu anayerudisha chenji, akasema "Haya," akaenda zake. Uzee una mambo.

Jumanne, 12 Machi

Tumehamia upande wa abiria. Boliti nane, zote zimeshikana na chuma kana kwamba zimezaliwa pamoja. Dawa yangu ni moja: pasha mpaka wekundu uanze kuonekana, gusisha mshumaa, acha nta inyonywe kwenye hesi, ile mikato ya boliti, kisha spana, robo mbele, robo nyuma. Tano zimetoka kwa dawa hiyo. Mbili zimetoka baada ya shemeji kuzichomelea nati kichwani. Ya nane imekatika.

Haki yake nimpe. Sijaona mtu anayechomelea kama yeye. Alijifundisha kama nilivyojifundisha mimi, kwa kuungua, na mshono wake umelala kama samli. Mdogo wangu alipomleta nyumbani, mimi ndiye niliyesema ndiyo kabla mama hajamaliza kukohoa.

Ilipokatika ile ya nane, shemeji alichukua nyundo ya kilo mbili akaligeukia jiliwa la kubania vyuma lililokuwa mezani. Alilipiga mpaka mpini ukavunjika na kichwa cha nyundo kikaruka kikatoboa bati la ukuta. Kisha akajifuta jasho, akacheka.

"Chuma nacho kina kiburi, shemeji. Kinataka kujua nani mkubwa."

Nimecheka naye. Ila kuna kitu kimenikaa. Mdogo wangu alikuwa kando ya jiliwa anapanga nati. Nilipogeuka, alishafika ukutani, mgongo umegusa bati, na nyundo bado ilikuwa chini. Alijuaje?

Jumamosi, 16 Machi

Manifoldi ya dereva imeingia kwenye pipa la maji ya magadi, waya za chaja ya betri, amperi nane. Kutu inapanda juu kama povu jekundu. Mvua haijakata. Hakuna jipya.

Jumatano, 20 Machi

Imetoka, kijivu, safi, na sasa ufa unasomeka. Nimekaa nao asubuhi nzima na miwani yangu.

Chuma kilichochomelewa vibaya hupasuka kando ya mshono. Huu haukuugusa mshono. Umeanzia ubavuni, mahali ambapo hakuna aliyechomelea, umekata vidole viwili, na pembeni yake kuna vinyufa kumi na kimoja vimetawanyika kama miguu ya tandu. Hiyo ni baridi ya ghafla, tena nyingi. Ndoo nzima. Nikaenda kwenye pipa la jivu nikachimba mpaka chini: jivu kavu, halijawahi kuona maji. Kwa hiyo mtu alikitoa chuma kikiwa cha moto, ndipo kikamwagiwa.

"Nani alikitoa?" nilimuuliza shemeji.

Hakuvua miwani yake. "Muulize mdogo wako. Ndoo alikuwa nayo yeye."

Nikamuuliza. Hapana, sikumuuliza, nilimfokea. Miaka sita yuko hapa, anajua chuma cha kalibu ni kitu gani, anajua hili halina mwenzake duniani.

"Una akili wewe? Nani alikutuma umwage maji kwenye chuma cha moto?"

"Nisamehe, dada."

"Nisamehe itaziba ufa?"

"Nisamehe tu."

Nilirusha spana ya kumi na tisa. Ilipiga ukuta futi mbili kutoka kichwani pake. Alijikunyata, akafunika uso kwa ule mkono wa plasta, akabaki hivyo hata spana ilipokwisha kuanguka.

"Taratibu, shemeji," akasema mumewe, kwa upole kabisa. "Utamliza."

Ijumaa, 22 Machi

Hajaja kazini.

Jumatatu, 25 Machi

Hajaja. Shemeji anasema ana homa. Nimefanya kazi ya watu wawili, grenda imenichana kidole gumba.

Jumatano, 27 Machi

Mama amekuja, hakukaa.

"Umemwambia nini mwenzio?"

"Ameniharibia kazi, mama."

"Mumewe alikuja kwangu jana na heshima zake zote. Anasema mwenzio amekuwa mzembe. Anavunja vyombo, anajivunja mwenyewe."

"Anajivunja mwenyewe? Mtu anajivunjaje, mama?"

"Usinihoji kama askari. Wewe ndoa ilikushinda, ukarudi kwangu na sanduku moja. Unataka na yeye arudi na lake?"

Akigusa hapo huwa narudi kwenye kazi. Leo pia nimerudi. Lakini alipoondoka nilibaki nimesimama na msasa mkononi, nasikia neno lile. Anajivunja mwenyewe. Mwaka jana ulikuwa ubavu, akasema ngazi. Mwaka juzi kidole, akasema mlango. Kabla ya hapo ni jeraha la nyusi, la kabati. Vitu vingi mno vinamshambulia mtu mmoja.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeandika ukurasa huu mara mbili. Wa kwanza nimeuchana.

Saa tatu mdogo wangu ameingia gereji kupitia mlango wa nyuma. Shemeji nilikuwa nimemtuma kufuata gesi, angekawia. Jicho la mdogo wangu la kushoto limefumba, rangi ya bilinganya. Jino la mbele limebaki nusu.

"Nipe kazi yoyote, dada. Nisikae nyumbani leo."

Kabla sijapata neno, daktari wa meno akatokea mlangoni na mwavuli wake. Hakunisalimu. Alimwendea moja kwa moja.

"Fungua mdomo."

Akafungua. Mzee alitazama kwa muda mrefu, kisha akakunja miwani.

"Mwezi uliopita uliniambia umeteleza, nikakuomba kiganja. Anayeteleza hutanguliza mikono, binti. Chako hakikuwa na hata mchubuko. Leo umeangukia nini? Jino limevunjwa kutoka pembeni, shavu limechanika kwa ndani." Akanigeukia mimi. "Na wewe fundi, unayesoma nyufa. Huu hujauona?"

Nikaokota drili.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikafanya jambo pekee ninalolijua, kazi. Ule ufa hauwezi kuchomelewa tena, utafunguka. Unashonwa baridi. Unatoboa tundu mwisho wa ufa, unakata hesi, unaingiza kipande cha skrubu, unakikata usawa, unatoboa tundu la pili likimeza nusu ya la kwanza. Unakwenda hivyo mpaka upande wa pili. Nimepiga hesabu, matundu thelathini na tisa. Mdogo wangu alishika kopo la mafuta kwa mkono mzima, akawa anadondosha kwenye ncha ya drili. Tundu la tatu, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Alikitoa kwa koleo. Kilikuwa bado cha moto sana. Akaniambia nichague, mkono au uso."

"Kwa kosa gani?"

"Kuna mteja alikuja kuuliza betri. Alisema kichekesho, nikacheka."

"Enhe."

"Ndoo ya kunawia ilikuwa karibu. Nilimmwagia yeye, dada. Chuma sikukilenga. Kikalia 'paa!', kama bunduki. Alishtuka, kikamponyoka. Ndipo akanipiga na lile koleo, mara mbili. Ya pili nilisikia mfupa."

"Mbona hukuniambia?"

Alidondosha tone la mafuta, akangoja liingie.

"Ulikuja ukauliza habari za chuma."

Nilitoboa matundu mengine manne. Nikazima drili. Nimeikumbuka ile spana ya kumi na tisa, na yeye amejikunyata, na yule bwana ananiambia taratibu.

Leo halali kwake. Analala kwangu.

Jumamosi, 6 Aprili

Matundu ishirini na mawili. Shemeji hajaonekana tangu Jumanne. Mdogo wangu analala upande wa ukutani. Mlango ukigongwa, anaacha kutafuna.

Jumanne, 9 Aprili

Amekuja saa mbili asubuhi, mvua imepumzika, shati limepigwa pasi. Mimi nilikuwa kwenye jiliwa na tundu la thelathini na moja. Mdogo wangu alikuwa stoo anachambua gasketi.

"Za asubuhi, shemeji. Nimemfuata mke wangu."

"Mke wako yuko kazini."

"Basi na mimi niko kazini." Akashusha aproni yake msumarini.

"Wewe hapa huna kazi. Beba vifaa vyako uende."

Hakukasirika. Alikuja akainamia manifoldi, akapitisha kidole juu ya mshono wangu, kidole cha fundi, najua kilisikia kila kitu.

"Kazi safi," akasema. "Unashona vizuri. Ndiyo kazi ya wanawake."

Akaokota nyundo. Nilidhani anaitaka manifoldi, nikaikumbatia na jiliwa lake. Yeye akaenda kwenye gari. Taa ya kwanza. Taa ya pili. Kisha akapanda juu ya bampa akashusha nyundo kwenye kioo cha mbele, kikamwagika vipande vipande juu ya viti.

"Nitavunja kimoja kimoja mpaka atoke!"

"Nimetoka," mdogo wangu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na gasketi mkononi. "Nimetoka, baba. Acha gari la watu."

Akashuka. Alimpiga kofi kwanza, la kupimia, kisha ngumi. Mdogo wangu alianguka juu ya sinia la mafuta machafu. Shemeji akamshika ule mkono wa plasta akaupinda mgongoni. Nilisikia plasta inavunjika, kisha nikasikia sauti ya mdogo wangu, ambayo sijawahi kuisikia tangu tukiwa watoto.

Sikumbuki kuuchukua mtaimbo. Ni wa mita moja na nusu, hukaa nyuma ya kompresa, hatua nyingi kutoka nilipokuwa. Nakumbuka uzito wake ulipokuwa juu. Nilimpiga begani, kati ya shingo na bega, upande wa kulia, na mtulinga ulikatika kama kijiti. Alipiga magoti. Akanitazama kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeona meza inasimama.

Nikauinua tena. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye: nililenga kichwa.

Mdogo wangu alijirusha akaning'inia kwenye mtaimbo, plasta imepasuka, mafuta yanamchuruzika usoni.

"Dada, utamuua!"

"Ndiyo," nikamwambia.

"Niachie! Niachie mimi, dada!"

Sikujua ananiomba nimwachie nini. Mtaimbo nilimwachia.

Jumatano, 10 Aprili

Askari wawili wamekuja gereji. Nilikuwa nimeshavaa nguo ya kwendea kituoni, nimemwachia mama ufunguo. Mkubwa wao alizunguka vioo vilivyovunjika, akaangalia sinia la mafuta, akaanza kucheka.

"Mama, hii gereji yako ina mafuta mengi. Tandaza mchanga."

"Kwani amesema nini?"

"Mgonjwa? Amesema aliteleza."

Jumapili, 14 Aprili

Amerudi kwake. Tumegombana kuanzia saa moja mpaka saa nne, yeye anakunja nguo kwa mkono mmoja, mimi nazikunjua.

"Amekusitiri, dada. Neno moja tu, leo ungekuwa ndani."

"Hajanisitiri mimi. Ameficha aibu yake. Hataki ijulikane kaangushwa na mwanamke."

"Vyovyote. Kanyamaza kwa ajili yako."

"Aliyejifunza kusema 'niliteleza' alijifunza kwako!"

"Hawezi hata kufunga kifungo. Nani atamlisha?"

"Ana ndugu. Ana majirani. Wakimkataa, njaa ipo."

Akanicheka kidogo, na pengo lake, halafu akabeba mfuko. Mama alimsindikiza. Mlangoni mama akaniambia, "Umeona? Mwanamume angekuwa mbaya angekufunga."

Nimepiga hesabu zangu. Shemeji amefungwa mkono wa kulia kifuani, vidole tu ndivyo vinavyotokeza. Daktari wa mifupa atamfungua Ijumaa, tarehe 10 Mei, saa nne asubuhi. Mpaka hapo mdogo wangu ana nafuu. Baada ya hesabu hiyo nimelala.

Ijumaa, 19 Aprili

Matundu thelathini na tisa yamekwisha. Nimeweka maji ndani ya manifoldi nikaziba, nikaitia upepo wa kompresa. Haitoi hata jasho. Uso wa kukutana na injini ulikuwa umepinda milimita sifuri nukta nane. Nimeusugua juu ya kioo kinene na msasa, kwa kuuzungusha kama namba nane, siku mbili, mpaka geji ya kupimia mwanya, nyembamba kuliko zote, ikakataa kupita. Kisha rangi ya kijivu ya kuhimili moto, mikono mitatu.

Nimepita mbele ya nyumba yao. Pazia limefungwa. Nguo zake zimeanikwa, za mumewe pia, kwa mpangilio.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepita. Pazia.

Jumanne, 30 Aprili

Nimefunga manifoldi zote mbili, boliti nane na nane, nimeanza katikati kwenda pembeni, mara tatu, kila mara nguvu kidogo zaidi. Kioo kipya kimepatikana, taa nimeazima za gari jingine. Daktari wa meno amekaa kwenye usukani akazungusha ufunguo.

Iliwaka kwa mara ya pili. Silinda nane, hakuna hata moja iliyokohoa. Moshi wa rangi inayokauka ulitoka kidogo kwenye manifoldi, kisha ukakata. Niliweka karatasi kando ya mshono: haikutikisika. Mzee alikuwa analia bila kujificha.

"Fundi, ingia tuzunguke."

Nikaingia. Tulipofika karibu na nyumba ya mdogo wangu nikamwomba apunguze mwendo. Alipunguza, akasimama kabisa, injini inanguruma. Pazia lilisogea upana wa kidole. Halafu likarudi.

"Nyuma ya kliniki yangu ya zamani kuna chumba," mzee akasema, macho mbele. "Mlango wa chuma, makomeo mawili. Hakuna anayekijua. Sisemi zaidi."

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinakwisha. Vumbi limeanza. Zimebaki siku saba daktari wa mifupa amfungue shemeji mkono.

Jumatano, 8 Mei

Mama amekuja saa nane mchana. Leo amekaa. Amekaa sakafuni, mgongo kwenye tairi, mama yangu ambaye hajawahi kukubali kiti cha gereji bila kukifuta.

"Nilikwenda kuwasalimu," akasema. "Mwenzio alileta chai. Mkwe wangu akaonja, akasema imepoa. Kwa sauti ya kawaida, kama ninavyosema nawe. Akamshika nywele, akamshusha uso mpaka mezani, polepole, akaubana pale. Na huku ananitazama mimi. Ananiambia, 'Karibu mama, kaa.'"

"Kwa mkono gani? Mkono umefungwa."

"Wa kushoto."

"Wa kushoto hana nguvu."

"Anazo. Mwenzio anasema tangu wiki ya kwanza anaufundisha. Alianza na vikombe."

Mwezi mzima nimehesabu mkono mmoja.

"Ukafanya nini, mama?"

"Nilikaa. Alisema karibu, nikakaa."

Nikainuka. Mama alijua ninakokwenda, nyuma ya kompresa, akanishika gauni.

"Ukienda na huo mtaimbo, atabaki kumuuguza tena. Safari hii mwaka. Mpaka aseme mwenyewe. Andika, nitampelekea mimi. Kesho asubuhi anakwenda sokoni peke yake, nitakuwa njiani."

Nimeandika. Nakala naiacha hapa.

*

Mdogo wangu,

Mama ndiye aliyeleta hii, kwa hiyo usiseme mama atasikitika. Mama ameona.

Sikuandikii habari za gari. Nilikujia na habari za chuma siku ambayo ningekujia na habari zako, na hilo nitalibeba. Sikuombi unisamehe. Sina muda huo, wala wewe huna.

Usinijibu kwamba alinisitiri. Ningalikaa ndani miaka mitatu kwa furaha kuliko wewe kukaa pale siku tatu. Usinijibu kwamba anaumwa. Ana mkono mmoja na umemtosha. Ijumaa saa nne atakuwa na miwili.

Chumba kipo, kina makomeo mawili, na funguo zote mbili zitakuwa kwako, si kwangu. Usafiri upo. Huhitaji kubeba kitu. Ukitoka na nguo uliyovaa inatosha.

Nauliza swali moja. Unatoka au hutoki? Sitaki "nitaona." Sitaki "subiri kwanza, dada." Sitaki unyamaze halafu nianze kukisia nyuma ya pazia. Kama ni hapana, iseme hapana kwa mdomo wako, nami nitaisikia hata ikinichoma. Kama ni ndiyo, mwambie mama ndiyo, nitakuwa kwenye kona yenu kabla hajamaliza kufunga kanga yake.

Neno moja. Alhamisi hii, kabla ya saa kumi jioni.